Utafiti wa mwanafunzi uanze na swali

Muhula wa utafiti unapoanza, vyuo vyetu vingi huwataka wanafunzi wa mwaka wa mwisho walete vichwa vitatu. Msimamizi anachagua kimoja, anakinyoosha kidogo, kazi inaanza. Ni utaratibu mdogo wa kiofisi na wengi hawaoni tatizo lake. Sisi tunaliona. Mwanafunzi aliyeombwa kichwa hutafuta kichwa. Anapita maktaba au kwa rafiki aliyemaliza mwaka jana, anafungua kazi iliyokwisha kujaladiwa, anabadilisha jina la wilaya, kisha anarudi na "Mchango wa ujasiriamali katika kupunguza umaskini wa kaya: mfano wa" manispaa fulani. Hakuna alichouliza. Na msimamizi naye hajamuuliza anataka kujua nini.

Kinachofuata anakijua kila aliyewahi kusoma kazi hizi. Kurasa sitini zinathibitisha kwamba ujasiriamali unasaidia, kwamba mitaji ni midogo, na kwamba elimu itolewe zaidi kwa wananchi. Mapendekezo hayo yangeweza kuandikwa kabla dodoso la kwanza halijagawiwa. Tunasema hivi bila kumdharau mtu. Kijana huyo analipiwa ada na wazazi, au anasoma kwa mkopo atakaoulipa kwa miaka mingi, na kazi ya utafiti ndiyo nafasi adimu katika masomo yake ambapo yeye ndiye muulizaji. Tangu darasa la kwanza ameulizwa tu. Tukimnyima nafasi hiyo, tunamtoa chuoni akiwa hajawahi hata mara moja kutafuta jibu ambalo mwalimu wake halijui.

Rai yetu ni hii: swali litangulie, kichwa kiandikwe mwisho. Na swali lenyewe liwe lile ambalo mwanafunzi hajui jibu lake, lakini anaweza kulifikia kwa miguu yake, nauli yake na muda alionao.

Nchi hii ina mfano ambao dunia nzima inaufahamu. Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari Magamba, Lushoto. Wanafunzi walikuwa wakitengeneza aiskrimu: wanachemsha maziwa, wanatia sukari, wanasubiri yapoe, ndipo wanayaweka kwenye friji. Nafasi ilikuwa ya kugombea. Mpemba alipoona mwenzake anaweka maziwa yake bila hata kuyachemsha, aliogopa kukosa nafasi, akayaweka ya kwake yakiwa ya moto. Baada ya saa moja na nusu hivi, ya Mpemba yalikuwa yameganda na ya mwenzake bado. Alipomuuliza mwalimu wa fizikia, aliambiwa amechanganyikiwa, jambo hilo haliwezekani. Alipofika shule ya Mkwawa, Iringa, akauliza tena, akajibiwa kwamba hiyo ni fizikia ya Mpemba peke yake.

Hakuliacha. Alijaribu kwa maji kwenye maabara ya shule. Na siku Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka chuo kikuu cha Dar es Salaam, alipotembelea shule hiyo, Mpemba alisimama mbele ya wenzake na kuuliza kwa nini maji ya moto yanaweza kuwahi kuganda kuliko ya baridi yakiwekwa mahali pamoja. Wenzake walimdhihaki. Osborne hakuamini, lakini hakumfungia mlango. Alirudi Dar es Salaam, akaagiza jambo hilo lijaribiwe. Mwaka 1969 wawili hao walichapisha matokeo pamoja katika jarida la Physics Education. Leo wanafizikia wanaliita jambo hilo athari ya Mpemba, na mpaka sasa wanabishana kuhusu chanzo chake, hata kuhusu lini hasa linatokea na lini halitokei.

Mpemba hakuwa na kichwa cha utafiti. Alikuwa na vyombo viwili, friji moja, na kitu alichokiona kwa macho yake ambacho hakikukubaliana na alichofundishwa. Swali lake lingeweza kusemwa kwa pumzi moja. Mtu yeyote mwenye friji angeweza kulijaribu upya. Na wakubwa wake hawakuwa na jibu, ingawa baadhi yao walidhani wanalo. Tukitafuta kipimo cha mada nzuri ya mwanafunzi, tunacho hapo.

Hatusemi kila mwanafunzi atagundua jambo litakaloitwa kwa jina lake. Tunasema njia ni ileile. Tuchukue mada inayopendwa siku hizi, nishati safi ya kupikia. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ifikapo 2034. Mwanafunzi anayekaa hosteli za Mabibo anaweza kuandika "Mchango wa nishati safi katika maendeleo ya wanawake Tanzania" na msimamizi akapitisha. Lakini mchango upi, maendeleo yapi, wanawake wepi? Hata wizara nzima ikipewa kichwa hicho haitakimaliza.

Mwanafunzi huyohuyo akienda kula mchana kwa mama lishe, akatazama jiko badala ya simu yake, anaweza kuona mtungi wa gesi wa kilo 6 umekaa pembeni na maharage yanachemka kwenye mkaa. Chai na mayai ya kukaanga vimepikwa kwa gesi. Maharage, makande na nyama ya kuchemsha viko kwenye mkaa. Mama huyu anayo gesi, anajua kuitumia, na bado ananunua mkaa. Kwa nini? Sasa pana swali.

Huenda sababu ni muda, maana maharage yanakaa motoni saa nzima na zaidi, na gesi inayoyoma. Huenda ni namna ya kulipa: mkaa unanunuliwa kwa kopo au kwa kisado, kwa hela iliyopatikana asubuhi hiyo, wakati gesi inadai fedha ya mtungi mzima kwa mkupuo. Huenda ni sufuria, kwa sababu sufuria kubwa ya biashara haitulii juu ya kichomeo cha mtungi mdogo, na mwenye kumwagikiwa na maji ya moto mara moja hatajaribu tena. Huenda ni wali wenyewe, unaotaka kupaliwa makaa juu ya mfuniko ili ukauke vizuri, kazi ambayo mtungi wa gesi hauwezi kuifanya. Au ni jambo jingine kabisa, ambalo hakuna aliyelifikiria akiwa amekaa darasani.

Kila dhana kati ya hizo ina namna yake ya kupimwa. Mwanafunzi anaweza kuwapata mama lishe kumi au kumi na tano wa soko moja, akawatembelea kwa wiki mbili akiwa na daftari na mizani. Apime mkaa asubuhi kabla haujawashwa, apime uliobaki jioni. Aandike sufuria ipi ilikaa kwenye jiko lipi, na kwa dakika ngapi. Aandike hela ya mkaa ilitoka lini na kwa kiasi gani, na gesi ilijazwa lini mara ya mwisho. Mwishoni awaulize wenyewe, tena kwa Kiswahili cha kawaida, si kwa sentensi za dodoso zilizofasiriwa kutoka Kiingereza mpaka mhojiwa anauliza, "Mwanangu, hapa unataka niseme nini?"

Utafiti huo una mahali pamoja na watu wachache, lakini unasema jambo ambalo mtu wa wizarani anaweza kulifanyia kazi kesho. Ikibainika kwamba tatizo ni kulipa kwa mkupuo, hatua yake ni moja. Ikibainika kwamba ni ukubwa wa kichomeo, hatua yake ni nyingine kabisa, na semina za kuhamasisha hazitabadili kitu.

Wanafunzi wengi wanaogopa mada finyu wakidhani watakosa cha kuandika. Ni kinyume. Anayechagua mada pana ndiye anayeishiwa, kwa sababu hawezi kuiona kwa macho yake, na kwa hiyo analazimika kujaza kurasa kwa maneno ya waliomtangulia. Aliyekaa wiki mbili jikoni kwa mama lishe atakuwa na shida ya kuchagua cha kuacha.

Mada iwe pia inayofikika. Mwanafunzi anayetaka kusoma mafaili ya wagonjwa ajue kwamba utafiti wa binadamu katika tiba unahitaji kibali cha maadili, na kibali kina foleni yake. Anayetaka takwimu za wateja wa benki ajiulize kama benki itampa, na jibu kwa kawaida ni hapana. Anayekwenda kijijini atahitaji barua ya utambulisho ya chuo, nayo itapita kwa katibu tawala na mkurugenzi wa halmashauri hadi kwa mtendaji wa kata, na kila meza ina siku zake. Mambo haya yahesabiwe kabla ya kuchagua. Tunajua wanafunzi waliobadilisha mada wiki tatu kabla ya kukusanya kazi kwa sababu ya barua moja iliyokwama, na waliobadilisha hivyo wote walirudi kwenye ujasiriamali na kupunguza umaskini.

Asiye na nauli naye asikate tamaa. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 61,741,120, na Ofisi ya Taifa ya Takwimu imechapisha majedwali mengi ambayo wanafunzi wachache wameyagusa. Nyaraka za Taifa zipo Dar es Salaam, za Zanzibar zipo Kilimani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina hazina ya East Africana, yenye magazeti na taarifa za zamani zinazomsubiri msomaji. Wiki moja ya kusoma matangazo ya gazeti moja la mwaka mmoja inatosha kuzaa swali.

Lipo jambo moja tunaloliona la haraka kuliko yote. Mwaka 1968 Idara ya Historia ya Dar es Salaam, wakati huo chuo kikiwa sehemu ya Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, iliwatuma wanafunzi wakusanye kumbukumbu za wazee kuhusu Vita vya Majimaji vya 1905 hadi 1907. Vijana walikwenda vijijini, baadhi yao makwao, wakakaa na wazee na kuandika. Mtu aliyekuwa na miaka 15 vita vilipoanza alikuwa na miaka 78 wanafunzi walipobisha hodi. Wangechelewa miaka kumi au kumi na tano tu, wengi wa wazee wale wasingepatikana. Kazi zile za wanafunzi wa shahada ya kwanza zinanukuliwa na wanahistoria mpaka leo, kwa sababu ndani yake mna sauti ambazo hazipo popote pengine.

Sasa tufanye hesabu hiyohiyo kwa wakati wetu. Operesheni Vijiji iliwahamisha mamilioni ya watu kati ya 1973 na 1976. Aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1974 amevuka 70. Yupo, anakaa barazani, na mjukuu wake yuko chuoni akihangaika kutafuta mada. Amuulize. Si "athari za Operesheni Vijiji katika maendeleo ya kilimo", bali mambo ambayo bibi huyo pekee ndiye anayeyajua: siku ya kuhama walichukua nini na wakaacha nini, nani alibaki kulinda mazao shambani, makaburi ya zamani yalitunzwa na nani, nani alirudi kimyakimya kwenye shamba la zamani na ilikuwa mwaka gani. Wazee wanane wa kijiji kimoja wanatosha. Hivyohivyo kwa familia zilizokimbia kutoka kaskazini ya mto Kagera mwishoni mwa 1978, majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka. Habari za makamanda zimeandikwa. Habari za mama aliyevuka mto na watoto, akarudi na kukuta nyumba haina mabati, ziko kwake mwenyewe, na yeye anazeeka.

Mada za namna hii zina muda wake. Anayesema ataifanya kwenye shahada ya uzamili huenda asimkute mtu wa kumhoji.

Kwa wanafunzi wa fasihi neno letu ni fupi. Usawiri wa mwanamke katika riwaya na tamthiliya umeandikwa mno, na anayeuchagua leo anabeba mzigo wa kuonyesha kwamba ana jambo jipya. Lakini shule za kata zimejaa maswali ya fasihi ambayo hayajaulizwa. Mwalimu anafundishaje tamthiliya katika darasa la wanafunzi themanini lenye nakala tano? Wanafunzi hao wanaijua hadithi yenyewe, au wanaujua muhtasari tu ulioandikwa ubaoni? Mtafiti mwenye subira ya kukaa nyuma ya darasa kwa mwezi mmoja atarudi na majibu ambayo wahakiki wote wa vitabu hivyo hawana. Vivyo hivyo kwa mwanaisimu: mabasi ya mwendokasi yalianza Mei 2016 bila konda ndani, na konda ndiye aliyekuwa akipatanisha, akitania na kukemea. Abiria sasa wanasemezana vipi mtu akikataa kusogea? Yeyote mwenye nauli ya kutoka Kimara hadi Kivukoni anaweza kuanza leo.

Wapo watakaosema mwanafunzi asihangaike, programu za akili mnemba zitamletea mada ishirini kwa dakika moja. Zitamletea kweli, na nyingi zitafanana na zile alizozikuta maktaba, kwa kuwa programu hizo zimejifunza kutoka kwa yaliyokwisha kuandikwa. Hazijaona mtungi wa gesi uliokaa pembeni. Zimsaidie kupanga sentensi na kutafuta vitabu, lakini kuona ni kazi yake. Na kuhusu wale wanaouza kazi zilizokamilika kwenye maduka ya steshenari karibu na vyuo, hatuna maneno mengi: ni wizi wa elimu ya mteja wao, na vyuo vinavyojua biashara hiyo inafanyika nje ya geti vina wajibu wa kuchukua hatua.

Wasimamizi nao tunawaambia wazi. Tunajua mzigo wenu. Mhadhiri mmoja anapewa wanafunzi thelathini wa kusimamia, pamoja na vipindi, mitihani na vikao, na kichwa kinachofanana na cha mwaka jana kinampunguzia kazi kwa sababu anakijua kilivyo mpaka mwisho. Lakini wengine wenu mnafika mbali zaidi: mnampa mwanafunzi kipande cha mradi wenu bila kumweleza, mnamgeuza mkusanyaji wa takwimu, kisha mnashangaa anapotetea kazi asiyoielewa. Na wapo wanaokataa swali zuri kwa kuwa halina nadharia maarufu ya kulibeba. Nadharia itafutwe baada ya swali kupatikana, na kumsaidia mwanafunzi kuitafuta ndiyo kazi ya msimamizi. Osborne alipoulizwa swali lililoonekana la kijinga alikuwa na sababu zote za kulipuuza. Alikwenda kulijaribu.

Tunazitaka idara za vyuo vyetu zibadilishe fomu. Mahali pa vichwa vitatu paandikwe swali moja, kwa Kiswahili, hata kama kazi yenyewe itaandikwa kwa Kiingereza, kwa maneno ambayo mhojiwa angeyaelewa. Chini yake mwanafunzi aeleze ameona nini kilichomfanya aulize, atamuuliza nani au atapima nini, barua itapita wapi, na nauli ni kiasi gani. Ukurasa mmoja unatosha. Msimamizi akiusoma atajua ndani ya dakika tano kama pana utafiti au hapana, na zile wiki ambazo sasa zinatumika kusahihisha nukta na mkato katika sura ya kwanza zitatumika uwandani.

Na fomu hiyo itolewe mwishoni mwa mwaka wa pili, kabla ya likizo ndefu, wanafunzi wanaporudi nyumbani Kigoma, Mtwara, Babati na Pemba, kwenye masoko wanayoyajua na wazee wanaowaita kwa majina. Kusubiri mpaka mwaka wa tatu uanze ndiko kunakowafanya wote waandike kuhusu wilaya moja iliyo karibu na chuo. Mabadiliko hayo hayahitaji bajeti mpya wala sheria. Yanahitaji kikao kimoja cha idara, na muda upo wa kukifanya kabla mwaka huu wa masomo haujafungwa.